Vita vya Atlantiki: Penseli, Rada na Meli Iliyotoka Mombasa

Muulize mtu yeyote anayependa historia akutajie mapigano yaliyoamua Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ataanza na Stalingrad. Atataja Normandy, pengine El Alamein na Midway. Yote ni kweli, hatubishani hapo. Lakini kuna pigano moja ambalo ni nadra sana kutajwa la kwanza. Lilianza siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita, tarehe 3 Septemba 1939, likaisha Ujerumani iliposalimu amri Mei 1945. Halina kilima kilichotekwa wala mji uliokombolewa. Ni Vita vya Atlantiki, pigano refu kuliko yote katika vita ile, na lilipiganwa juu ya maji ambayo saa moja baadaye hayakuwa na alama yoyote ya kilichotokea.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, pigano hili liligeuzwa kwa kiasi kikubwa na watu walioshika penseli: wanafizikia, wanahisabati, na hata mtaalamu wa biolojia hapa na pale, waliokaa ofisini wakihesabu. Ya pili, hesabu zile hazikuishia Atlantiki. Ziliwafuata hadi Bahari ya Hindi askari wa Afrika Mashariki waliopanda meli pale Mombasa. Tutafika huko. Kwanza tuelewe shida ilikuwa nini.

Kisiwa kinachokula kwa meli

Uingereza ni kisiwa. Wakati wa vita ilihitaji kuletewa zaidi ya tani milioni moja za mizigo kila wiki: ngano, nyama, mafuta, chuma, mbao, risasi. Mafuta ya ndege zake yalitoka ng'ambo. Ukikata njia ya meli huna haja ya kuivamia, unasubiri tu njaa na ukame wa mafuta vifanye kazi.

Admirali Karl Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, alilielewa hilo vizuri. Mpango wake ulikuwa wa hesabu tupu: zamisha tani nyingi za meli kuliko adui anavyoweza kuunda mpya. Hakujali sana meli imebeba nini wala inakwenda wapi. Kila tani iliyokwenda chini ilihesabika. Ni sawa na ndoo iliyotoboka. Kama maji yanayovuja ni mengi kuliko unayomimina, siku moja ndoo itakuwa tupu, hata ukimimina kwa bidii namna gani.

Mwaka 1942 peke yake nyambizi zilizamisha meli zaidi ya 1,000 za Washirika. Ndoo ilikuwa inavuja kwelikweli.

Nyambizi ni meli inayojua kuzama

Hapa kuna jambo ambalo filamu hutudanganya. Tunadhani nyambizi ya wakati ule ilikaa chini ya maji muda wote. La hasha. Ilikuwa ni meli ya kawaida yenye uwezo wa kujificha kwa muda.

Sababu ni fizikia. Injini ya dizeli inahitaji hewa, kwa hiyo haiwezi kufanya kazi chini ya maji. Ikizama, nyambizi inatumia mota za umeme na betri. Ile iliyotumika zaidi, Aina ya VII, ilikwenda kama kilomita 31 kwa saa ikiwa juu. Chini ya maji ilijitahidi kufika kama kilomita 14 kwa saa, na kwa mwendo huo betri ziliisha upesi sana. Meli za mizigo zilizosafiri pamoja zilikwenda kati ya kilomita 13 na 17 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: nyambizi iliyozama haiwezi kuufukuza msafara wa meli. Iliyo juu inaupita kama pikipiki inavyoipita baiskeli.

Kwa hiyo Dönitz aliwafundisha manahodha wake kushambulia usiku, wakiwa juu ya maji, tena kwa makundi kama ya mbwamwitu. Nyambizi moja ikiuona msafara, haikimbilii kupiga. Inaufuata kwa mbali na kutuma taarifa kwa redio. Nyingine zinaitwa, zinakusanyika, na giza likiingia zinashambulia pamoja.

Waingereza walikuwa na kifaa walichokitegemea, kilichoitwa asdiki. Kinatuma mlio ndani ya maji na kusubiri mwangwi. Sauti husafiri baharini kama mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, sauti imekwenda na kurudi jumla ya mita 3,000, yaani kitu kiko umbali wa mita 1,500. Kizuri sana. Lakini kiliundwa kutafuta kitu kilicho chini ya maji. Nyambizi iliyo juu, usiku, ikipenya katikati ya meli zinazonguruma, kwa asdiki ilikuwa kama haipo.

Matokeo yalionekana Oktoba 1940. Msafara ulioitwa SC 7 uliondoka Kanada ukiwa na meli 35. Meli 20 zilizamishwa. Kwa lugha nyepesi, zaidi ya nusu ya mizigo ile ilikwenda kulisha samaki.

Swali la mita saba na nusu

Mwaka 1941 mwanafizikia Patrick Blackett, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 1948, alikusanya wanasayansi wachache kufanya kazi na kikosi cha ndege za pwani cha Uingereza. Hawakuagizwa waunde silaha mpya. Waliagizwa waangalie silaha zilizopo zinatumikaje.

Mmoja wao, E. J. Williams, aliangalia mabomu ya kina. Haya ni mapipa ya baruti yanayodondoshwa baharini, yakiwa yamepangwa kulipuka yakifika kina fulani. Ndege zilikuwa zinayapanga yalipuke kwenye mita 30 hivi. Hoja ilikuwa hii: kwa wastani nyambizi huiona ndege ikiwa bado mbali, inapiga mbizi, na hadi ndege inafika juu yake, nyambizi imeshafika kama mita 30. Basi tupige mita 30. Inaonekana ina mantiki, sivyo?

Subiri kwanza. Williams aliuliza swali jingine: nyambizi iliyoshafika mita 30, rubani anajuaje iko wapi? Hajui. Imeshapotea dakika nzima au zaidi, imegeuka kulia au kushoto. Bomu linaweza kulipuka kwenye kina sahihi kabisa lakini mita 100 pembeni, na bomu la namna hiyo liliua tu likilipuka mita chache kutoka kwenye nyambizi. Upande mwingine kuna nyambizi chache zilizochelewa kuiona ndege. Hizo bado ziko juu, zinaonekana kwa macho, rubani anajua mahali hasa pa kudondosha. Lakini bomu lake linapita pembeni ya nyambizi, linaendelea kushuka hadi mita 30, linalipukia huko chini bila madhara.

Kwa maneno mengine, mabomu yalipangwa kwa ajili ya nyambizi ambazo haziwezi kupigwa, na yakaziacha zile ambazo zingepigwa. Wastani ulikuwa sahihi. Uamuzi uliojengwa juu ya wastani ule ndio uliokuwa mbovu.

Ushauri wake: panga mabomu yalipuke kwenye mita saba na nusu hivi. Hakuna ndege mpya, hakuna baruti mpya. Ni kugeuza kidude tu. Idadi ya nyambizi zilizozamishwa kwa kila mashambulizi iliongezeka mara kadhaa. Blackett mwenyewe alisimulia kwamba mabaharia wa Kijerumani waliotekwa walidhani Waingereza wameanza kutumia mlipuko wenye nguvu zaidi.

Timu ile ile iliangalia pia rangi za ndege. Ndege nyingi zilipakwa rangi nyeusi tumboni kwa sababu zilikuwa za kulipua mabomu usiku. Lakini mchana, juu ya bahari ya kaskazini yenye mawingu, kitu cheusi kinaonekana mapema. Zikapakwa nyeupe. Ndege ikichelewa kuonekana kwa sekunde chache, nyambizi nyingine inakutwa bado iko juu.

Mzingo na eneo

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu hisabati yake umeshaisoma darasani.

Wakuu wa jeshi la majini la Uingereza waliamini msafara mkubwa ni hatari. Ukiweka meli nyingi mahali pamoja, adui akiupata atafaidi. Waliona idadi nzuri ni meli 40 hivi, na zaidi ya 60 ilikatazwa. Blackett, ambaye kufikia 1942 alikuwa amehamia makao makuu ya jeshi la majini, aliomba takwimu za misafara iliyopita. Ile midogo, yenye wastani wa meli 32, ilipoteza asilimia 2.5 ya meli zake. Mikubwa, yenye wastani wa meli 54, ilipoteza asilimia 1.1. Kinyume kabisa na imani iliyokuwapo.

Kwa nini? Chora duara. Meli za mizigo zinajaza eneo la duara. Manowari za ulinzi zinazunguka kwenye mzingo. Eneo linakua kwa mraba wa nusukipenyo, lakini mzingo unakua sawa na nusukipenyo tu. Ukitaka kubeba meli mara mbili, unahitaji eneo mara mbili, lakini mzingo unaongezeka mara 1.41 tu, kwa kuwa hicho ndicho kipeo cha pili cha 2.

Tuweke mfano. Una misafara miwili ya meli 30, kila mmoja una manowari 6. Jumla meli 60, manowari 12. Sasa iunganishe iwe mmoja wa meli 60. Ili manowari ziachane kwa nafasi ile ile kama mwanzo, unahitaji 6 mara 1.41, yaani 9 kwa kukadiria juu. Umebakiwa na manowari 3 za ziada! Hizo zinaweza kufukuza nyambizi badala ya kukaa kwenye mstari kama walinzi wa geti.

Si hilo tu. Bahari ni kubwa mno, hivyo nafasi ya nyambizi kuuona msafara wa meli 60 si kubwa sana kuliko kuuona wa meli 30. Na nyambizi ikishapenya ndani haiwezi kuzamisha meli zote. Ile ya Aina ya VII ilibeba topido 14, yale mabomu yanayoogelea yenyewe chini ya maji kuelekea meli. Nyingi zilikosa. Kwa hiyo idadi ya meli zinazozama kwa kila shambulio inabaki karibu ile ile, msafara uwe mkubwa au mdogo. Ukipunguza idadi ya misafara, unapunguza idadi ya mashambulizi.

Blackett baadaye alisikitika kwamba swali hili halikuulizwa mapema zaidi. Takwimu zilikuwapo kwenye makabati. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitazama bila kuamini jibu kabla.

Kuona na kusikia

Nisikupotoshe lakini. Penseli peke yake haizamishi nyambizi. Vitu vingine vilikuwa vinakomaa wakati huo huo.

Cha kwanza ni rada. Mwanzoni rada za ndege zilitumia mawimbi ya mita 1.5. Zilisaidia, lakini mwaka 1942 Wajerumani walifunga kwenye nyambizi kipokezi cha kusikia mawimbi hayo, wakawa wanapiga mbizi kabla ndege haijafika. Dawa ilikuwa imeshagunduliwa Birmingham mwaka 1940, pale John Randall na Harry Boot walipounda magnetroni yenye matundu, kifaa kidogo kinachotoa mawimbi mafupi ya sentimita 10 kwa nguvu kubwa. Mawimbi mafupi yanachora picha kali zaidi, na kile kipokezi cha Wajerumani hakikuweza kuyasikia. Nyambizi iliyokuwa inachaji betri zake usiku ilishtukia tu taa kali ya ndege iko juu ya kichwa. (Teknolojia hiyo hiyo ndiyo inayopasha wali wako kwenye maikrowevu leo.)

Cha pili ni redio. Mbwamwitu wanaowinda kwa kundi lazima waitane. Kila mara nyambizi ilipotuma ujumbe, antena za Washirika, za nchi kavu na baadaye zile zilizofungwa kwenye meli zenyewe, zilipima mwelekeo wa mawimbi. Pima kutoka sehemu mbili, chora mistari miwili kwenye ramani, inapokutana ndipo alipo.

Cha tatu ni ujumbe wenyewe. Wajerumani waliufunga kwa mashine ya Enigma. Wanahisabati wa Poland, akiwemo Marian Rejewski, walianza kuifumbua tangu 1932, na kazi yao ikawa msingi wa ile ya Alan Turing na wenzake kule Bletchley Park. Mwaka 1941 Waingereza walikuwa wanasoma jumbe nyingi za nyambizi. Kisha Februari 1942 Wajerumani waliongeza gurudumu la nne kwenye mashine, na Bletchley ikawa kipofu kwa miezi kumi. Huku nyuma Wajerumani nao walikuwa wanasoma msimbo wa misafara ya Washirika. Hakuna upande uliokuwa mjinga hapa.

Mlango ulifunguliwa tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Mediterania. Manowari za Uingereza ziliilazimisha nyambizi U-559 ielee juu. Mabaharia wake waliiacha ikizama polepole. Kutoka kwenye manowari iitwayo Petard, Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea hadi kwenye nyambizi ile, wakashuka ndani gizani, wakaanza kutoa vitabu vya msimbo. Kijana wa miaka 16, Tommy Brown, mhudumu wa kantini, alivipokea na kuvipandisha. Ghafla nyambizi ikazama. Brown aliponea chupuchupu. Fasson na Grazier hawakutoka. Vitabu vile vilifika Bletchley, na Desemba 1942 jumbe zikaanza kusomeka tena.

Likumbuke jina la Petard. Tutakutana nayo tena.

Mei 1943

Hata hivyo Machi 1943 mambo yalikuwa mabaya. Misafara miwili, HX 229 na SC 122, ilikutana na nyambizi karibu 40 katikati ya Atlantiki, mahali ambapo ndege za nchi kavu hazikufika. Meli 22 zilizama. Ujerumani ilipoteza nyambizi moja.

Halafu, katika muda wa wiki kama kumi, kila kitu kikageuka. Ndege za Liberator zilizoongezewa matangi ya mafuta ziliziba lile pengo la katikati ya bahari. Manowari za ziada ziliunda vikundi vya kuwinda. Rada ya sentimita 10 ilienea. Mwanzoni mwa Mei msafara ONS 5 ulipoteza meli 13, lakini ukungu ulipoingia nyambizi ziligeuka vipofu na manowari zenye rada zikaona. Nyambizi 6 zilizamishwa. Wiki mbili baadaye msafara SC 130 ulivuka bila kupoteza meli hata moja. Miongoni mwa Wajerumani waliokufa wakiuwinda alikuwa Peter Dönitz, mtoto wa admirali mwenyewe.

Mwezi ule wa Mei Ujerumani ilipoteza nyambizi 41. Tarehe 24 Dönitz aliziondoa Atlantiki ya Kaskazini. Zilirudi baadaye, lakini hazikutishia tena kuikata njia. Marekani nayo ilikuwa inaunda meli za mizigo za Liberty kwa kasi ya ajabu, jumla yake 2,710 hadi vita vinaisha. Ndoo ilikuwa inajaa kuliko inavyovuja. Bila mabadiliko ya Mei 1943, askari, vifaru na mafuta vya kuivamia Normandy Juni 1944 visingeweza kukusanywa Uingereza. Ndiyo maana nasema Normandy ilishindaniwa kwanza baharini.

Bei yake? Meli za mizigo kama 3,500 za Washirika. Mabaharia zaidi ya 30,000 wa meli za biashara za Uingereza, ambao maelfu kati yao walikuwa watu wa India, China na makoloni mengine. Upande wa Ujerumani, katika wanaume kama 40,000 walioingia kwenye nyambizi, karibu 30,000 hawakurudi. Watatu katika kila wanne.

Meli iliyotoka Mombasa

Sasa twende Bahari ya Hindi. Nyambizi za Ujerumani zilizobanwa Atlantiki zilitafuta maji yenye ulinzi hafifu, na Japani ilikuwa na zake huku. Wakati huo huo Uingereza ilikuwa inapeleka askari wa Afrika Mashariki Asia, kupigana na Wajapani Burma.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara ulioitwa KR 8 uliondoka Mombasa kwenda Colombo, meli tano za kubeba askari. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ilibeba watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, askari Waafrika na maofisa wao. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Ulinzi ulikuwa manowari moja kubwa ya zamani, Hawkins, na mbili ndogo: Paladin, na ile ile Petard.

Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Hebu fikiria: dakika mbili, na wewe uko sitaha ya chini pamoja na mamia ya wenzako, ngazi ni zile zile chache.

Meli nyingine zilikimbizwa mbali, maana sheria ya msafara ni kwamba anayesimama kuokoa anageuka shabaha. Paladin na Petard zilirudi. Watu walikuwa wanaelea, wengine wameshika mbao. Na asdiki ikaonyesha kwamba nyambizi imejificha chini yao.

Umeshasoma kuhusu mabomu ya kina, unajua yanavyofanya kazi. Wimbi la mlipuko husafiri vizuri majini kuliko hewani, na mwili wa binadamu unaoelea hauna kinga dhidi yake. Nahodha alikuwa na hesabu mbele yake. Akiiacha, nyambizi itazifuata meli nne zilizobaki, na maelfu ya watu waliomo. Akipiga, ataua watu anaowaona kwa macho, ambao wamefurahi kumwona akirudi.

Mabomu yalidondoshwa. Nyambizi ililazimika kuelea juu. Paladin ilijeruhiwa ubavuni ilipojaribu kuigonga, na Petard ilirusha topido moja baada ya nyingine hadi ya saba ilipoipata. Petard ikawa meli iliyoshiriki kuzamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani, zote tatu. Kwa vitabu vya jeshi la majini, ni sifa kubwa. Kwa Khedive Ismail, watu 1,297 walikufa. Wangapi kwa topido na wangapi kwa mabomu ya wenzao, bahari haikutoa hesabu hiyo.

Hesabu na kilichobaki nje yake

Ukiniuliza kama nahodha yule alikosea, kwa hesabu nitakwambia hapana. Ni hesabu ile ile ya Blackett: usiangalie tukio moja, angalia jumla ya meli zitakazofika. Imeokoa watu wengi sana, na siioni aibu kuisifu. Lakini penseli inajibu swali uliloiuliza tu. Ukiiuliza meli ngapi zitafika, itakupa jibu. Haitakwambia kwa nini kijana kutoka kijijini kwao Afrika Mashariki alikuwa pale baharini, akipelekwa kupigana vita vya himaya ambayo nyumbani haikumpa hata kura. Haitakwambia pia nani ataandikwa kwenye vitabu na nani atakuwa sehemu ya asilimia.

Ndiyo maana Williams alikuwa na maana kubwa kuliko mita zake saba na nusu. Alichotufundisha ni kwamba wastani unaweza kuwa sahihi na bado ukaficha watu unaopaswa kuwaangalia. Kanuni hiyo inafanya kazi kwenye nyambizi, kwenye takwimu za hospitali, kwenye matokeo ya mitihani, na inafanya kazi kwenye historia. Tukisoma tu mapigano yenye majina makubwa, tunapata wastani wa vita. Wale wa Rejimenti ya 301 hawamo.

Wapo lakini mahali pamoja. Kwenye Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, kuna ukuta wa kumbukumbu wa wale wasio na kaburi linalojulikana. Mamia ya majina ya waliozama na Khedive Ismail yamechongwa pale. Ukiwa Nairobi na una saa moja ya ziada, pita uyasome. Na ukiwa na babu au bibi ambaye bado anakumbuka ndugu aliyekwenda Burma akapotelea njiani, muulize aliondoka na meli gani, mwaka gani. Andika anachokwambia. Hizo nazo ni takwimu, na zinasubiri mtu wa kuzitazama.